Amplifaya na sabufa ya gari: anza na omu, wati zitafuata

Mtu amenunua sabufa ya inchi 12 iliyoandikwa "wati 1200" kwa herufi za dhahabu. Rafiki yake anamwazima amplifaya iliyoandikwa "wati 3000". Ubishi unaanza hapohapo. Mmoja anasema amplifaya hiyo itaichana sabufa siku ya kwanza. Wa pili anasema wapi, kinachoua sabufa ni amplifaya ndogo. Wa tatu, ambaye hakosekani popote wanapokutana wapenzi wa muziki wa gari, anasema hayo yote ni porojo, dawa ni kufunga kapasita. Mwisho vitu vinafungwa kwa kubahatisha. Taa za mbele zinapepesa kila besi inapodunda, amplifaya inajizima kwenye wimbo wa tatu, na lawama zote anabebeshwa fundi.

Watatu hao wanabishania wati kabla hawajaulizana habari ya omu. Wati zinazotoka kwenye amplifaya hazitegemei amplifaya peke yake, zinategemea pia imefungiwa nini. Amplifaya ileile inaweza kutoa wati 300 ikifungiwa sabufa moja na wati 800 ikifungiwa nyingine, bila wewe kugusa kitufe chochote. Ukishaelewa kwa nini inakuwa hivyo, sehemu kubwa ya ubishi huu inakwisha yenyewe.

Vifaa viwili, vipimo viwili

Sabufa ni spika iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti nzito za chini, kwa kawaida zile zisizozidi hezi 100 hivi (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde). Ukiitazama kwa mbele unaona koni tu. Kazi yenyewe inafanyika nyuma: kuna koili, yaani waya mwembamba wa shaba au alumini uliozungushwa kwenye kimrija kama uzi wa cherehani kwenye bobini, na koili hiyo inaning'inia kwenye uwazi mdogo sana ndani ya sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, nayo inageuka sumaku. Inasukumwa na kuvutwa, koni inakwenda mbele na nyuma, hewa inatikisika, na wewe unaisikia kifuani. Ikumbuke koili hiyo, maana makosa mengi tutakayoyataja hapa yanaishia kwake.

Amplifaya, kwa upande wake, inapokea ishara dhaifu kutoka kwenye redio ya gari, volti 2 hadi 4 hivi, ambayo haiwezi kusukuma hata koni ndogo. Inaitoa ikiwa na umbo lilelile, ila sasa ina misuli. Misuli hiyo haiizalishi yenyewe. Iwaze kama bomba la maji: betri na alteneta (mtambo unaozalisha umeme injini ikiwaka) ndizo tangi, ishara ya redio ni mkono unaofungua na kufunga koki haraka haraka, na maji yanayotoka ndiyo yanayozungusha kinu. Tangi likiwa dogo, koki kubwa haikusaidii kitu. Tutalirudia tangi hili baadaye.

Sasa wati. Hiki ni kipimo cha nguvu, na kwenye maboksi huandikwa kwa namna mbili zinazochanganya watu. Kuna wati za RMS na kuna wati za juu kabisa, zile zinazoandikwa MAX au PEAK. Mfikirie mpagazi. Anaweza kuinua gunia la kilo 100 kwa sekunde moja, litoke chini kidogo, kisha aliachie. Lakini ukimwambia atembee na mzigo asubuhi hadi jioni, atakuambia mpe kilo 30. Zile kilo 30 ndizo RMS. Kilo 100 ni MAX, na wapo watengenezaji wanaoandika hata kilo ambazo mpagazi hajawahi kuzigusa. Unapopima amplifaya na sabufa, linganisha RMS na RMS. Namba nyingine zote zifumbie macho.

Kwa amplifaya ipo alama moja inayofaa kutafutwa, CEA-2006, ambayo siku hizi inaitwa CTA-2006. Ni kanuni ya chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Marekani, inayotaka nguvu ipimwe kwa volti 14.4, kwenye mzigo wa omu 4, na uchafu wa sauti usizidi asilimia 1. Ukiikuta, namba ya RMS iliyo pembeni yake unaweza kuiamini.

Usipoikuta, tazama fyuzi. Amplifaya nyingi zina fyuzi zake ubavuni, zimeandikwa ampea. Zijumlishe, zidisha kwa volti 14.4, halafu chukua asilimia 80 ya jibu kama amplifaya ni ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, au asilimia 60 hivi kama ni ya daraja AB, aina ya zamani ambayo hupoteza umeme mwingi kama joto. Yenye fyuzi mbili za ampea 30 inakula ampea 60, sawa na wati 864 zinazoingia. Ikiwa ya daraja D, zinazotoka hazitazidi sana 690 kwa mfululizo. Ni makadirio tu, kwa sababu fyuzi huvumilia mpigo mfupi uliozidi kipimo chake, lakini yanatosha kukuonyesha kwamba "wati 3000" zilizoandikwa juu ya boksi ni hadithi.

Omu, hapa ndipo pa kukaa

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinauzuia umeme kupita. Mpira mwembamba wa maji unazuia sana, mpira mpana unazuia kidogo. Omu 4 ni mpira mwembamba kuliko omu 2, na omu 1 ni mpana kuliko yote hiyo. Watu wengi hujikwaa hapa kwa sababu namba inakwenda kinyume na matarajio: omu zikipungua, mzigo kwa amplifaya unaongezeka.

Hesabu yake ni fupi. Wati ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu. Chukua amplifaya inayotoa volti 20. Kwenye omu 4, ni 400 gawanya kwa 4, wati 100. Kwenye omu 2 ni wati 200. Kwenye omu 1 ni wati 400. Mkondo nao unapanda: ampea 5, kisha 10, kisha 20. Katika hali halisi wati haziongezeki mara mbili kamili kila hatua, kwa sababu amplifaya yenyewe inaanza kuhema. Ndiyo maana kijitabu cha amplifaya ya kawaida huandika kitu kama wati 300 kwa omu 4, 500 kwa omu 2, 800 kwa omu 1.

Na kijitabu hichohicho kitakuambia mwisho wake. Amplifaya iliyoundwa kuvumilia hadi omu 2, ukiifungia omu 1, utaisikia ikinguruma vizuri kwa dakika chache, huku transista zake zikipitisha mkondo zisioumudu. Ukibahatika, taa nyekundu ya kujilinda itawaka na itajizima. Usipobahatika, utanusa.

Ukipima sabufa ya omu 4 kwa multimita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, utasoma 3.4 au 3.6 hivi. Usiirudishe dukani. Multimita inapima ukinzani wa waya ulipotulia tu, wakati namba iliyoandikwa ni ya jumla, kwa sababu sabufa inapocheza ukinzani wake hubadilika kulingana na noti ya muziki, na kwenye masafa fulani hupanda mara kadhaa ya hiyo 4.

Tuje kwenye kufunga. Sabufa nyingine ina koili moja, na nyuma utaona vishikio viwili vya waya, chanya na hasi. Nyingine ina koili mbili kwenye kimrija kimoja, na vishikio ni vinne. Koili ya pili haikuwekwa ili kuongeza sauti. Iliwekwa ili kukupa uhuru wa kuchagua omu.

Ukiunga koili mbili kwa mfululizo, umeme unapita kwanza hii, halafu ile, njia moja ndefu. Omu zinajumlishwa: 4 na 4 ni 8. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeme unapata njia mbili kwa wakati mmoja, kama mageti mawili ya uwanja yakifunguliwa pamoja. Omu zinagawanyika: 4 na 4 inakuwa 2. Kwa hiyo sabufa moja ya koili mbili za omu 4 inakupa omu 8 au omu 2, na haikupi 4 kwa namna yoyote ukitumia koili zote. Ya koili mbili za omu 2 inakupa omu 4 au omu 1.

Sabufa zikiwa mbili, mambo yanazidi kunoga, na mimi hapo niliingia mtegoni mwenyewe. Nilikuwa na amplifaya inayovumilia hadi omu 1, nikanunua sabufa mbili za koili mbili za omu 2, nikijua kichwani kwamba "2 na 2 sambamba ni 1". Nilisahau kwamba koili zilikuwa nne. Zote nne zikiwa sambamba ni omu 0.5, chini ya uwezo wa amplifaya. Njia nyingine zinazotumia koili zote kwa usawa zinakupa omu 2 au omu 8. Omu 1 haimo. Nilikaa sakafuni na karatasi nusu saa, nikichora mistari nikiamini nimekosea mahali, kumbe hakuna mahali. Ningechukua mbili za koili mbili za omu 4, zote nne sambamba zingenipa omu 1 kamili. Au ningechukua moja tu ya zile za omu 2. Nilifunga kwa omu 2, nikapata wati pungufu kuliko nilizozilipia, na tangu siku hiyo nachora nyaya kabla ya kutoa pesa.

Amplifaya ya chaneli mbili, yaani yenye njia mbili za kutoa sauti, ina mtego wake. Watu huibriji, yaani huunganisha chaneli zote mbili zisukume sabufa moja, kwa kuchukua chanya ya chaneli moja na hasi ya nyingine. Ni njia halali, ila katika hali hiyo kila chaneli inaona nusu ya omu za sabufa. Ukibriji kwenye omu 4, kila chaneli inahisi 2. Ndiyo maana karibu amplifaya zote za chaneli mbili zinazovumilia omu 2 kwa kila chaneli huandikwa mwisho wa kubriji ni omu 4. Anayezibriji kwenye omu 2 amezifungia omu 1 bila kujua.

Na tafadhali usichanganye sabufa tofauti kwenye amplifaya moja, ya omu 4 na ya omu 2 sambamba, kwa mfano. Ile ya omu 2 itakunywa mara mbili ya mwenzake, utakuta moja inahaha na nyingine inapiga miayo. Ukubwa wa inchi hauna neno hapa. Inchi 10 na inchi 15 zinaweza kuwa na omu na RMS sawasawa.

Wati ngapi sasa?

Ukishajua omu, swali la wati linabaki dogo. Soma RMS ya sabufa, kisha soma RMS ya amplifaya kwenye omu zilezile utakazofunga, si kwenye omu nyingine yoyote. Zikikaribiana, umemaliza. Sabufa ya 500 na amplifaya inayotoa 500 kwa omu 2, basi. Ikitoa 400 ni sawa. Ikitoa 600 pia ni sawa, mradi hujaifungulia yote.

Watu huogopa tofauti hizo ndogo bila sababu. Sikio halihesabu wati kama mkono unavyohesabu noti. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hatua unayoisikia bila kushtuka. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, watu wengi huhitaji desibeli 10, na hizo ni wati mara 10. Tofauti ya 400 na 500 haifiki desibeli 1. Hakuna aliyekaa kiti cha mbele atakayeitambua, hata akiapa.

Sasa yule wa pili kwenye ubishi wetu, anayesema amplifaya ndogo huua sabufa. Amekosea, lakini kosa lake lina mzizi wa kweli. Fikiria: kila unapopunguza sauti ili uongee na simu, sabufa yako ya wati 500 inapata wati 5. Mbona haifi? Umeme mdogo peke yake haujawahi kuunguza koili.

Kinachotokea ni kwamba mwenye amplifaya ndogo haridhiki. Anafungua sauti hadi koki ya bomba imefika mwisho, na bado mkono unazidi kuzungusha. Maji hayaongezeki. Wimbi la sauti, ambalo lilitakiwa lipande na kushuka kama kilima, linakatwa kilele na kubaki bapa kama meza. Wimbi lililokatwa hivyo hadi kuwa mraba kabisa hubeba nguvu mara mbili ya wimbi la kawaida lenye kimo kilekile. Amplifaya ya RMS 300 ikikabwa namna hiyo inaweza kupeleka karibu 600. Ikiwa sabufa ni ya 250, imekwisha. Ikiwa ni ya 1000, italalamika kwa sauti mbaya na kuendelea kuishi. Kwa hiyo kilichoua ni wati nyingi kuliko uwezo wa koili, kama kawaida. Zilikuja tu kwa mlango wa nyuma.

Ukiifungua sabufa iliyokufa hivyo, huhitaji kuambiwa. Kimrija cha koili kimekuwa cheusi, vanishi iliyoshika waya imechemka ikatoa mapovu, mizunguko miwili mitatu imeachia na kuanza kukwaruza sumaku. Ukisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili unasikia mchakacho kama mchanga. Harufu yake ukishaisikia mara moja utaitambua hata gari likiwa linakupita.

Joto hilo lina tabia nyingine ya kuudhi. Ukinzani wa shaba huongezeka kadiri inavyopata moto, karibu asilimia 39 kwa kila nyuzi 100 za Selsiasi zinazopanda kutoka joto la kawaida. Koili ikichemka, omu zinapanda, wati zinashuka, besi inafifia. Mwenye gari anadhani wimbo ni mdogo, anaongeza sauti. Anachochea moto.

Kuna kifo cha pili ambacho wati hazikuelezi: koni kurushwa mbali kuliko inavyoweza kwenda. Hapa mwamuzi ni boksi. Boksi lililofungwa kote lina hewa ndani inayofanya kazi ya springi, inairudisha koni. Boksi lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, ila chini ya noti ambayo tundu limepimiwa, hewa inaiachia koni na inaanza kupepea bila mshiko. Sabufa ya RMS 500 kwenye boksi la tundu inaweza kugonga mwisho wake kwa wati 200 tu, ukiipigia noti ya chini mno. Ndiyo kazi ya kichujio cha sauti za chini kabisa kwenye amplifaya, kile kilichoandikwa SUBSONIC: kiweke chini kidogo ya noti ya tundu. Boksi lililofungwa halikihitaji sana.

Kitufe kinachoonewa

Kile kilichoandikwa GAIN, mafundi wanakiita geini, wengi wanakichukulia kama kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Redio yako ikitoa volti 4, geini inabaki chini. Ikitoa volti 2, inapanda. Lengo ni kwamba redio ikifika mwisho wa sauti yake safi, amplifaya nayo ifike mwisho wake, pamoja, kama watu wawili wanaoinua meza. Amplifaya yenye geini ya nusu haina maana inatoa nusu ya nguvu. Inaweza kuwa tayari inatoa zote na zaidi.

Multimita inatosha kukuweka mahali pazuri. Tafuta volti unazozitaka: zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 500 kwa omu 2 ni 1000, na kipeuo chake ni 31.6. Hizo ndizo volti unazotafuta. Wati 500 kwa omu 1 ni volti 22.4. Chomoa sabufa, zima kila kitufe cha kuongeza besi kwenye redio na kwenye amplifaya, shusha geini hadi chini, washa injini. Cheza mlio mmoja wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kimo kamili, redio ikiwa robo tatu ya sauti. Weka multimita kwenye volti za mkondo geu, iguse kwenye vishikio vya amplifaya ulipochomoa nyaya za sabufa, panda taratibu hadi usome namba yako, acha hapo. Njia hii haioni kama wimbi limeshaanza kukatwa. Mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini, anaona kwa macho, na akikupa msaada mpokee.

Kitufe kilichoandikwa BASS BOOST kiache sifuri. Desibeli 6 za kitufe hicho zinataka wati mara 4. Desibeli 12 zinataka karibu mara 16. Sijui amplifaya iliyo na akiba ya namna hiyo.

Tangi

Tulisema amplifaya ni koki. Amplifaya ya daraja D inayotoa wati 1000 inavuta kama 1250 kutoka kwenye gari, na kwa volti 13.8 hizo ni ampea 90. Alteneta nyingi za magari madogo zinatoa ampea 60 hadi 120 kwa jumla, na gari lenyewe linahitaji sehemu yake kwa taa, feni, pampu ya mafuta na mengineyo. Kinachotuokoa ni kwamba muziki una pumzi. Besi inapiga, inanyamaza, inapiga, na wastani wake huwa chini sana ya kilele. Lakini wimbo wenye besi ndefu isiyokatika utakuonyesha ukweli: volti zinashuka, taa zinapepesa. Volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, amplifaya nyingi hupoteza karibu asilimia 30 ya wati zake, na mwenye gari huanza kuisingizia sabufa.

Kapasita ya yule mtu wa tatu haitengenezi umeme. Inahifadhi umeme kidogo tu, ni kikombe kando ya tangi. Kapasita ya faradi 1, ikishuka kutoka volti 14 hadi 12, inatoa jouli 26. Kwa amplifaya inayovuta wati 1250, hizo ni milisekunde 21 hivi. Wimbi moja la hezi 50 lina milisekunde 20. Umenunua wimbi moja. Baada ya hapo kapasita nayo inasubiri alteneta iijaze, sawa na wengine.

Kabla ya kufikiria betri ya pili au alteneta kubwa, tazama waya. Waya mwembamba mrefu unakula volti njiani. Mwingine ni wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, na unapitisha umeme kama thuluthi mbili tu ya shaba tupu ya unene huohuo, kwa hiyo uchukue mnene zaidi. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi, na ushike kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inalinda waya, haiilindi amplifaya: waya ukichubuka mahali unapopenya bodi, betri nzima inamwagika kwenye chuma, na bila fyuzi hakuna cha kuizuia mpaka kitu kiwake moto.

Turudi kwa wale watatu

Sabufa ya herufi za dhahabu ukiigeuza, nyuma kwenye sumaku kuna karatasi ndogo: RMS 400, koili mbili za omu 4. Amplifaya ya "wati 3000" ina fyuzi mbili za ampea 30, chaneli moja, daraja D, inavumilia hadi omu 1. Kwa hesabu yetu ya fyuzi, mwisho wake ni 690 hivi, na huo ni kwenye omu 1. Kwenye omu 2 itakuwa inazungukazunguka 400 na kitu. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba ni omu 2.

Yaani mpambano wa 3000 na 1200 ulikuwa 400 kwa 400, na vitu hivi viwili vingeweza kufungwa pamoja tangu mwanzo. Zidisha 400 kwa 2, tafuta kipeuo cha pili, geini inawekwa kwenye volti 28.3.

Kabla ya kuchomeka nyaya za sabufa kwenye amplifaya, gusisha multimita kwenye ncha zake, boksi likiwa limeshafungwa skrubu. Ukisoma 1.7 au 1.8, chomeka. Ukisoma 7, umeunga mfululizo, fungua boksi uunge upya. Ukisoma 0.2, kuna nyaya zimegusana humo ndani, usiwashe.